Chura Adimu, Ndege Aliyetoweka na Anko Kimani

Udongo mweusi wa Kitengela ukichimbwa baada ya mvua hutoa harufu ambayo siwezi kumweleza mtu asiyekulia huku. Si harufu nzuri. Ni kama chuma kilicholowa, kama majani yaliyooza, na ndani yake kuna kitu kama pumzi ya ng'ombe. Mwezi uliopita nilienda kumwona mama nikakuta jirani anachimba msingi wa nyumba ya ghorofa, vijana wamevua viatu, matope yamewafika magotini. Nilisimama kando ya seng'enge, harufu ile ikanijia, na kabla sijamsalimu mama yangu vizuri nilikuwa nimeshaanza kumfikiria Anko Kimani.

Kimani alikuwa kitinda mimba wa kwao mama. Shuleni tulifundishwa kwamba ndugu ya mama ni mjomba, lakini hilo lilikuwa neno la vitabuni. Kwetu alikuwa Anko. Alikuja kukaa nasi kwa muda mfupi tu, ndivyo nilivyosikia wakubwa wakisema, na muda huo mfupi ukaendelea hadi mimi nikajua kusoma. Alilala stoo, katikati ya magunia ya mahindi na baiskeli ya baba. Kazi yake ilikuwa kununua mbuzi soko la Bisil na kuwauzia wenye bucha hapa mjini. Alinuka mbuzi. Mama alikuwa akimwekea karai la maji mlangoni, na hakuruhusiwa kukalia kiti cha kitambaa kabla hajaoga. Kwa kukaa sana na wachungaji alijua Kimaasai kizuri kuliko mtu yeyote wa nyumba yetu, na wamama wa Kimaasai waliopita na maziwa aliwasalimu "Takwenya" kwa sauti ya adabu ambayo mama hakuwahi kuisikia akisalimiwa yeye.

Wakati huo nyuma ya nyumba hakukuwa na mtu. Kulikuwa na nyasi, miiba, punda milia waliokuja hadi kwenye ua wetu, na shimo kubwa la maram, ule udongo wa changarawe, lililoachwa na watu waliotengeneza barabara. Kiangazi shimo lilikuwa kavu, udongo umepasuka vipande vipande kama ukoko wa ugali. Lakini mvua kubwa zikija, si hizi za kulowesha vumbi tu, shimo lilijaa, na mchana kweupe ungesikia ndama wakilia pale ambapo hakuna ng'ombe.

Walikuwa vyura. Anko ndiye aliyenipeleka kuwaona. Sijaona tena vyura kama wale. Dume mmoja alijaza bakuli la uji, mgongo wa kijani wenye mikunjo, kidevu cha manjano, na mdomo mpana kama wa mtu aliyetukanwa akaamua kunyamaza. Anko alimsogezea kijiti, chura akakirukia na kukiuma, akakataa kukiachilia hata alipoinuliwa hewani. Siku chache baadaye tuliporudi, kidimbwi cha pembeni kilikuwa kinakauka na ndani yake viluwiluwi wamejaa kama majani ya chai. Dume alikuwa anachimba. Alisukuma matope kwa miguu ya nyuma, akapumzika, akasukuma tena, hadi akafungua mfereji mdogo kutoka kidimbwini hadi kwenye maji mengi, na watoto wake wakapita. Anko alichuchumaa akimtazama muda mrefu. Alisema kuna wanaume wa Kitengela ambao hawangefanya hivyo.

Nilimuuliza vyura huenda wapi maji yakiisha. Akaniambia wanaingia chini, wanajifunika udongo, wanalala humo, hata kama ni mwaka, hata kama ni miaka miwili, mpaka mvua kubwa iwaamshe. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimewaona kwa macho yangu mahali ambapo juzi palikuwa pakavu.

Kisha ukaja ule ukame ambao watu wa Kajiado wa rika langu hawahitaji kuambiwa ni upi. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara ya Namanga. Wachungaji walihama na mifugo yao, wengine hadi ng'ambo ya mpaka. Mbuzi wa Bisil walikuwa mifupa, wenye bucha wakawa wanawakataa, na Anko akaanza kushinda nyumbani akirekebisha vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Baba alifanya kazi kiwanda cha saruji, alirudi jioni amechoka, vumbi la kijivu kwenye nyusi. Jioni moja tukila githeri alisema, bila kuinua macho, kwamba mwanamume mzima hakai kwa dadake kama mtoto wa shule aliye likizo. Mama alimwita baba kwa jina lake, mara moja tu. Anko alimaliza chakula chake, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akifanya. Siku ya soko ilipofika aliondoka asubuhi kwenda Bisil kama kawaida. Hakurudi.

Mwanzoni hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa wakati mwingine alilala huko. Baadaye baba alienda Bisil, akaambiwa Kimani alionekana sokoni na hakununua kitu. Akaenda Namanga. Akaenda polisi Kajiado. Akaanza kwenda mahali pengine ambapo hapakutajwa mbele yangu, na kila alipotoka huko alinawa mikono na uso kwa sabuni ya kufulia, akakaa nje kwa muda kabla ya kuingia. Mama hakumkaripia. Alimpa chakula, alimfulia, na aliongea naye kuhusu unga, maji na karo. Zaidi ya hayo hakumwambia neno. Simu zilipopigwa na jamaa, nilisikia neno moja likirudiwa: Kimani ametoweka.

Neno hilo nilikutana nalo tena darasani. Mwalimu wetu wa sayansi, Madam Naisula, alikuwa mwanamke mrefu mwenyeji wa Kajiado, mwenye mwandiko mzuri hata kwa chaki fupi. Siku hiyo aligawa ubao kwa mstari katikati. Upande mmoja alichora ndege mnene, mdomo umepinda, mabawa madogo yasiyo na kazi. Akasema anaitwa dodo. Darasa lilicheka, kwa sababu dodo tulilolijua lilikuwa embe. Akangoja tunyamaze. Akatuambia ndege huyo aliishi kwenye kisiwa kimoja tu, mbali baharini. Hakujua kuruka na hakujua kuogopa watu. Mabaharia walimla, nguruwe na panya wao wakala mayai yake, mpaka akaisha. Upande wa pili alichora chura, na nilimtambua kabla hajamaliza kidevu. Alikuwa wetu wa shimo la maram. Madam alisema zamani chura huyo alipatikana sehemu nyingi za mbuga hii, ila mashimo yanafukiwa na ploti zinajengwa, sasa amekuwa adimu.

Akauliza, wote wawili leo hatuwaoni, je, tofauti yao ni nini?

Niliinua mkono. Nilikuwa na uhakika kuliko nilivyowahi kuwa na uhakika darasani.

"Chura ako chini," nikasema. "Ndege ndiye bado hawajamchimbua."

Walicheka tena. Madam Naisula hakucheka. Alikuja karibu na dawati langu, akanieleza taratibu kana kwamba tulikuwa wawili tu. "Ndege alitafutwa kisiwa kizima. Hakuna aliyebaki, hakuna hata yai. Huyo ametoweka. Chura wako ni adimu, maana yake wako wachache na kuwaona ni shida. Aliye adimu unaweza kumngojea. Aliyetoweka, kungoja hakusaidii."

Alitupa zoezi la kuandika ulinganisho huo, na nilipata alama nzuri. Lakini njiani kurudi nyumbani nilikuwa na hesabu nyingine kichwani. Watu wa kwetu walikuwa wanasema Anko ametoweka. Je, walikuwa wamemaliza kisiwa kizima? Kama hawakumaliza, basi walikuwa wametumia neno vibaya, na Anko alikuwa adimu tu. Na kama alikuwa adimu, katika ukame kama ule, nilijua mahali walipo walio adimu.

Nilimkuta baba kwenye ngazi ya jikoni akipangusa saruji kwenye viatu. Nilimuuliza kama walimtafuta Anko kila mahali. Akasema ndiyo. Bisil yote? Bisil yote. Na Namanga? Alikuwa ameenda Namanga.

"Na chini?" nikauliza.

Aliacha kupangusa. Leo naelewa alichosikia. Alikuwa mtu aliyetoka kuvuta droo za baridi katika vyumba vya maiti, kutazama nyuso za wanaume wasiojulikana, na sasa mtoto wake alikuwa anamuuliza habari za chini. Aliniuliza polepole ni nani aliyeniambia maneno hayo. Nikasema ni Madam, darasani, na kwamba si kitu cha kuogopa.

"Ni mimi nilimfukuza," baba akasema. Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia kiatu. "Sikumwambia toka. Lakini nilisema maneno ya kufukuza."

Nilimwonea huruma. Nikamshika bega kama mama alivyokuwa akinishika nikiwa na homa, nikamwambia asijali, mvua ikinyesha atatoka. Baba aliinuka. Kisha aliingia ndani na viatu vyake mkononi, na nikamsikia akiongea na mama chumbani, sauti yake chini, sauti ya mama ikimjibu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hawakuwa wakiongea kuhusu unga.

Mvua ilikuja kama zinavyokuja mvua za kumaliza ukame, bila adabu. Ilibeba choo cha jirani na sehemu ya ua wetu. Ilipokatika, asubuhi ya Jumamosi, ndama walianza kulia kwenye shimo la maram.

Niliingia stoo nikachukua gambuti za Anko, kwa sababu nilijua atakuwa na matope na mama hangemruhusu aingie miguu mitupu. Zilikuwa nzito, nikazikumbatia kifuani. Nilikaa kwenye ukingo wa shimo. Vyura walikuwa wengi kuliko nilivyokumbuka, wakipigana majini, videvu vya manjano viking'aa. Niliangalia matope. Kila mahali palipotingishika palitoa chura. Jua likapanda, mgongo wangu ukapata joto, njaa ikaniuma, na bado kila kilichotoka kilikuwa chura.

Mama alinipata hapo. Alikuwa amefunga leso kichwani na mikono yake ilikuwa na unga wa chapati. Aliuliza ninangoja nini na viatu vya Anko. Nikamwambia yote: chura, ndege, kisiwa, adimu, mvua. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyoandika zoezini. Mama alikaa juu ya jiwe lililolowa bila kujali nguo yake.

"Watu hawalali chini kama vyura," akasema. "Mtu akiwekwa chini hatoki."

"Kwa hivyo Anko ametoweka? Kama yule ndege?"

"Sijui."

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima akinipa jibu hilo na kuliacha hivyo hivyo. Kwenye ubao wa Madam Naisula kulikuwa na pande mbili tu, upande wa ndege na upande wa chura, na mstari mwembamba wa chaki katikati. Nadhani ni siku hiyo nilipofahamu kwamba mama alikuwa anaishi juu ya ule mstari, na kwamba hapo pia watu hupika chapati, hufua, huamka kesho yake. Tulirudi nyumbani kila mmoja amebeba kiatu kimoja.

Miaka ilienda. Shimo la maram lilijazwa taka, likajazwa udongo, likajengwa kanisa la mabati ambalo baadaye lilijengwa la mawe. Sikusikia tena vyura wakilia kama ndama. Mama ya mama, Cucu, aliyekaa kwao Murang'a, kila Krismasi alimwekea Kimani sahani, akaifunika, na jioni akampa mtu ale. Pasta alipotaka kumwombea kama marehemu, Cucu aliinuka akatoka kanisani. Alifariki nikiwa kidato cha kwanza. Wakiandaa programu ya mazishi, jamaa walibishana kama jina la Kimani liandikwe "marehemu" katika orodha ya watoto. Mama alisema liandikwe Kimani, basi, na likaandikwa hivyo.

Mwaka uliofuata, likizo ya Agosti, mama alinipeleka soko la Kitengela kubeba mizigo. Lori la nyanya kutoka Entarara, kule karibu na Loitokitok, lilikuwa limeegeshwa na wanaume walikuwa wakishusha makreti. Mama alikuwa ameinama akichagua nyanya. Alisikia sauti ikisema kitu kwa Kikuyu juu ya lori, akainua kichwa. Mwanamume mwenye mvi kidogo alikuwa amesimama na kreti begani. Hakulitua. Hakusogea.

"Shuka," mama akasema.

Alishuka. Alisema "Dada" na mama akamshika kola ya shati kama anayeshika mwizi. Dereva alilalamika kwamba kazi haijaisha, mama akamwambia wengine wataimaliza. Alimshika kola hiyo tangu sokoni, akivuka barabara, akipita maduka ya watu wanaomjua, na hakumwachilia mpaka tulipofika nyumbani na mlango ukafungwa. Mimi nilikuja nyuma na nyanya.

Anko alikaa kwenye kiti cha kitambaa, ukingoni. Alieleza bila kujitetea. Siku ile Bisil alipata lifti ya lori linaloenda Loitokitok, akafikiri atakaa huko mpaka apate kitu cha kurudi nacho. Alilima nyanya za watu, halafu zake. Ukame ukazichukua, akaanza tena. Alioa. Kila mwaka ulipopita, kurudi kulikuwa kugumu zaidi ya mwaka uliotangulia, kwa sababu sasa angehitaji kueleza pia ule mwaka. Mama alimsikiliza akiwa amesimama. Hakupiga kelele. Alimuuliza tu kama anajua kwamba baba yangu alimtafuta miongoni mwa maiti. Anko alisema hakujua.

Baba alirudi jioni. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Nilikosa," akasema.

"Hata mimi," Anko akajibu.

Wakatoka nje kuangalia tangi la maji lililokuwa linavuja.

Waliporudi mama alikuwa anamimina chai. Anko alipokea kikombe, akaanza kuuliza habari za nyumbani kwao, nani ameoa, shamba liko vipi. Niliona anazunguka, nikajua anapoelekea, na nikatamani kutoka chumbani. Mwishowe akauliza, "Na Maitu?"

Mama aliweka birika mezani. Alimwambia mama yao alifariki, na alizikwa wapi, na kwamba hakuumwa muda mrefu. Alimwambia pia habari ya sahani ya Krismasi. Anko aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayeelekezwa njia. Hakulia. Alisema atakuja na mke na mtoto mwezi wa Desemba aende kaburini.

Alikuja kweli. Mtoto alikuwa msichana mdogo ambaye bado hajaanza shule, aliyeitwa Wairimu, jina la Cucu, ambalo ni jina langu pia. Tulikwenda Murang'a sote. Kaburi lilikuwa nyuma ya migomba, nyasi zimeota juu kwa sababu ya mvua. Mama na mke wa Anko walibaki jikoni wakipika. Baba alisimama mbali kidogo na kofia mkononi. Anko alipiga magoti, akaanza kung'oa nyasi kwa mikono yake, kwa haraka, akizirusha kando, udongo ukiruka, kucha zake zikawa nyeusi. Hakuna aliyemwambia angeweza kuletewa jembe.

Mtoto alinishika mkono. Akaniuliza Cucu ako wapi. Nikamwambia ako hapo chini. Akafikiri.

"Atatoka saa ngapi?"

Niliangalia kama kuna mtu mkubwa wa kumjibu. Baba alikuwa anaangalia migomba. Nikachuchumaa ili tuwe sawa.

"Hatatoka," nikamwambia. "Alikufa. Akiwekwa chini mtu hatoki."

Alinitazama usoni kuona kama namdanganya. Kisha aliniachia mkono, akaenda hadi alipokuwa baba yake, akamgusa mgongoni.

"Baba, wacha kuchimba," akasema. "Hatatoka."

Anko aliacha. Alikaa chini pale pale, nyasi zikiwa bado mikononi, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mpaka mama akatoka jikoni.